Tope jeusi kwenye tangi: manganisi ya kisimani, chupa ya mtoto na moshi wa karakana

*"Mwaka jana tulichimba kisima kirefu nyumbani. Maji yakitoka ni maangavu kabisa, lakini yakilala kwenye tangi siku mbili tatu, chini kunakaa tope jeusi kama masizi ya sufuria. Shuka nyeupe za mtoto zimeingia madoa ya kahawia yanayoelekea weusi, na nikiloweka na jiki ndiyo yanazidi. Tulipeleka maji maabara, cheti kimeandikwa Mn 0.62 mg/L. Fundi aliyechimba anasema hiyo ni magnesiamu, inaimarisha mifupa. Shemeji yangu anasema ni manganisi, sumu inayoharibu ubongo mpaka mtu anatetemeka. Nina mtoto wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo kwa sababu yangu hayakutosha. Maji nachemsha siku zote. Mume wangu ana karakana ya kuchomelea mageti hapo hapo nyuma ya nyumba, na kijana wake wa kazi anakunywa maji hayo kutwa nzima. Naomba unisaidie, nifunge kisima?"*

Dada yangu, kabla hujasoma mstari mwingine: kuanzia chupa inayofuata, maziwa ya mtoto usiyakorogee maji ya kisima hicho. Chukua maji ya chupa ya dukani, au ya bomba la mjini kama jirani anayo, au ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, uyachemshe kama ulivyozoea, ndipo ukoroge. Hilo ni la leo. Mengine tunaweza kuyazungumza kwa utulivu.

Tuanze na ugomvi wa jina, maana nyumba nzima imegawanyika hapo. Shemeji yako kapatia: Mn ni manganisi. Magnesiamu ni Mg. Ila usimcheke fundi, kwa sababu mkanganyiko huu una umri wa karne nyingi na uliwasumbua hata waliovumbua vitu vyenyewe. Ugiriki kuna eneo linaitwa Magnesia, na zamani watu wa Ulaya walikuwa na unga wa aina mbili uliobeba jina hilo, magnesia nyeusi na magnesia nyeupe. Ile nyeusi ndiyo mawe ya manganisi. Mafundi wa vioo waliitumia kuondoa ukijani kwenye kioo. Mwaka 1774 Carl Wilhelm Scheele, mkemia aliyefanya kazi Sweden, aliitazama kwa makini akaona imebeba metali isiyojulikana, na mwaka huo huo rafiki yake Johan Gottlieb Gahn akaipasha moto pamoja na makaa mpaka akaipata. Kutoka ile nyeupe, Humphry Davy wa Uingereza alipata metali nyingine mwaka 1808, na akapendekeza iitwe "magnium" kwa kuhofia watu wataichanganya na manganisi. Hawakumsikiliza. Matokeo yake ndiyo hayo, fundi wako amesimama kwenye uwanja wenu anakwambia Mn ni dawa ya mifupa.

Kinachochekesha ni kwamba hata kwa manganisi hakukosea moja kwa moja. Mwili unaihitaji, kidogo sana, na mifupa ni mojawapo ya sehemu inakofanya kazi. Ipo pia ndani ya kimeng'enya kinacholinda chembe hai zisiunguzwe na oksijeni. Kila jani la kijani unaloliona lina vikundi vya atomi nne za manganisi vinavyopasua maji na kuachia oksijeni. Pumzi unayovuta sasa hivi imepitia mikononi mwake. Mwanamume mtu mzima anakadiriwa kuhitaji miligramu 2.3 kwa siku, mwanamke 1.8, na karibu kila mtu anazipata bila kujua, kwenye ugali wa dona, maharage, karanga, nanasi na hasa chai. Kama pilau lako lina karafuu za Pemba, basi umetia mojawapo ya viungo vyenye manganisi nyingi kuliko karibu chakula kingine chochote. Kwa hiyo neno "sumu" alilolitumia shemeji linahitaji kuulizwa maswali mawili: imeingilia wapi, na imeingia kwa nani?

Kwa nani, tumuanze mtoto. Chukua kalamu. Mtoto wa miezi minne anayetumia kopo peke yake hunywa karibu mililita 800 za maji kwa siku ndani ya maziwa yake. Kwa maji yenye miligramu 0.62 kwa lita, anapata karibu nusu miligramu ya manganisi, bado hatujahesabu ile iliyomo tayari kwenye unga wa maziwa. Mtoto wa umri huo anayenyonya hupata karibu miligramu 0.003 tu kwa siku. Kwa hiyo maji peke yake yanampa zaidi ya mara 150 ya hiyo. Na mwili wake si kama wako. Wewe ukila manganisi, utumbo unaruhusu asilimia chache tu ipite, kisha ini linaikamata na kuitupa kwa njia ya nyongo. Utumbo wa mtoto mchanga unaruhusu nyingi zaidi, na kazi ya nyongo kwake bado haijakomaa. Mlango uko wazi, njia ya kutokea ni nyembamba.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2011 liliacha kuweka kiwango cha kiafya cha manganisi kwenye maji ya kunywa, lilirudi mwaka 2022 na kiwango cha muda cha miligramu 0.08 kwa lita, likiwa limemfikiria hasa mtoto wa kopo. Kanada waliweka 0.12 mwaka 2019. Maji yako ni karibu mara nane ya kiwango cha Shirika. Tafiti zilizofanyika Quebec huko Kanada na nyingine Bangladesh zilikuta watoto wanaokunywa maji yenye manganisi nyingi wakipata alama za chini kidogo kwenye vipimo vya akili. Tafiti za namna hii haziwezi kusema kwa uhakika kwamba manganisi peke yake ndiyo iliyosababisha, maana maisha ya mtoto yana mambo mengi. Lakini kubadilisha maji ya chupa moja ni kazi ndogo kuliko kusubiri wanasayansi wamalize kubishana.

Na miezi iliyopita? Najua hapo ndipo moyo wako umekaa tangu uanze kusoma. Hakuna dawa ya kumpa ya "kusafisha", na mtu akikuuzia usinunue. Uwezo wa kuitoa manganisi unakua kadiri mtoto anavyokua, na ukishakata chanzo mwili wake unaendelea na kazi yake. Siku ya kliniki mwonyeshe muuguzi kile cheti cha maabara, na umuulize pia kuhusu kurudisha maziwa ya mama. Mara nyingi "hayakutosha" ni jambo ambalo mkunga mzoefu anaweza kulisaidia, hata miezi kadhaa baadaye.

Kuchemsha sasa. Umefanya vizuri kuchemsha na usiache, kwa sababu vijidudu ndivyo vinavyolaza watoto hospitali kwa kuhara. Lakini kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapotoka kama mvuke, manganisi inabaki sufuriani, kwa hiyo unachomimina kina manganisi iliyokolea zaidi kidogo kuliko ulichoteka. Kama umewahi kuchemsha chai nusu saa, unajua sukari haipungui kwa kuchemka.

Nikueleze sasa yale maangavu yanayogeuka tope, kwa sababu ukilielewa hilo utaelewa jiki, chujio na kila kitu.

Manganisi ni kinyonga. Wakemia wa zamani waliipa jina hilo hilo la kinyonga moja ya chumvi zake, ile inayobadilika kutoka kijani hadi zambarau mbele ya macho. Kinachobadilisha rangi ni idadi ya elektroni, zile chembe ndogo za umeme za atomi, ilizotoa. Ikiwa imetoa elektroni mbili, inayeyuka kwenye maji na haionekani. Ikitoa nne inashikana na oksijeni kuwa unga mweusi usioyeyuka. Ikitoa saba ndiyo ile pamanganeti ya zambarau uliyoiona maabara ya shule. Mita 70 chini ya ardhi hakuna hewa. Bakteria walishaimaliza oksijeni kwa kula majani na mizizi iliyooza. Oksijeni ikiisha, wako bakteria wanaopumua kwa kutumia huo huo unga mweusi ulioko kwenye miamba, na katika kupumua kwao wanaurudishia elektroni mbili. Unayeyuka. Pampu yako inavuta maji hayo yakiwa maangavu, unayasifia. Kisha yanakutana na hewa kwenye tangi, na taratibu sana manganisi inazitoa tena zile elektroni mbili, inarudi kuwa nyeusi, inazama.

Nimesema taratibu sana, na hilo neno lishike. Chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya kisima hugeuka kutu nyekundu ndani ya dakika au saa chache baada ya kupata hewa. Manganisi inaweza kuchukua siku. Ndiyo maana yako inasubiri siku mbili tatu.

Klorini ya jiki inafanya kwa haraka kazi ile ile ambayo hewa inaifanya kwa uvivu. Unaloweka shuka yenye maji yaliyobeba manganisi isiyoonekana, unamimina jiki, na manganisi inageuka nyeusi papo hapo, ikiwa ndani kabisa ya nyuzi. Hapo umepaka rangi shuka yako mwenyewe, na umelipia.

Dawa yake ni kuirudishia elektroni ili iyeyuke. Fanya jaribio hili usiku wa leo. Chota kijiko cha lile tope jeusi, weka kwenye sahani nyeupe. Saga kidonge cha vitamini C, kiyeyushe kwenye kijiko cha maji, mwagia juu ya tope, tikisa kidogo. Weusi utafifia mbele ya macho yako, na pengine sahani itabaki karibu nyeupe. Hii ni ishara nzuri kwamba ulichonacho ni manganisi na si ukungu wala masizi. Kwa shuka fanya vivyo hivyo kwenye beseni, ila tafuta vidonge vyeupe. Vile vya rangi ya chungwa wanavyotafuna watoto vitakuachia doa jingine. Ndimu na chumvi juani nayo inasaidia, kwa mwendo wa pole. Suuza na maji ya mvua. Na tafadhali, usichanganye kamwe ndimu au asidi yoyote na jiki kwenye beseni moja. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuijua gesi hiyo.

Kabla ya kununua chochote, pima tena. Napenda namba, lakini namba ni nzuri kama chupa ilivyojazwa. Kama sampuli ilitoka bomba la chini ya tangi, inawezekana ilichota lile tope na 0.62 ni kubwa kuliko ukweli. Au kinyume chake, tope lilishazama na namba ni ndogo kuliko kinachotoka ardhini. Washa pampu, acha maji yamwagike dakika kumi na tano, chukua sampuli pale maji yanapotoka kisimani kabla hayajaingia tangini, na utumie chupa waliyokupa maabara wenyewe, maana wanaitia asidi kidogo ili manganisi isigande ukutani. Waambie wapime pamoja na chuma, pH (kipimo cha uchachu wa maji), na ugumu wa maji. Kama uko upande wa Arusha, Kilimanjaro au Manyara, usiondoke bila kupima floraidi. Na kwenye cheti, angalia safu ya pembeni wanapoandika kiwango cha taifa, wewe mwenyewe linganisha.

Sasa wauzaji wa machujio watakuja, wakisikia tu. Wengi watakuletea lile gamba la plastiki lenye roli la pamba ndani, pengine na la makaa. Roli linakamata chembe nyeusi zilizokwisha kuganda, na utafurahi wiki ya kwanza kuliona limekuwa jeusi. Manganisi iliyoyeyuka inapita katikati yake kama upepo kwenye chandarua. Chujio la udongo la mezani lina tabia hiyo hiyo. Mashine ya kulainisha maji inaweza kuishika ile iliyoyeyuka, lakini ikichanganyika na chuma au tope chembechembe zake zinaziba, na fundi anakurudia kila mwezi.

Kinachofanya kazi kweli kwa nyumba nzima ni kuilazimisha igande kwanza, halafu kuichuja. Unaweka pampu ndogo ya kudondosha klorini, kisha maji yanapita kwenye silinda yenye mchanga maalumu uliovikwa koti la oksidi nyeusi ya manganisi. Hapa kuna jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote kwenye kazi hii: ule unga mweusi unaokutesa ndio kichocheo bora cha kuigandisha manganisi nyingine. Iliyoganda inaivuta iliyoyeyuka. Hata mchanga wa kawaida kwenye chujio la kienyeji, ukitumika miezi kadhaa na maji yenye hewa, unajivika koti jeusi wenyewe, kwa msaada wa bakteria, na ghafla chujio ambalo lilikuwa halisaidii linaanza kusaidia. Kisha anakuja mtu msafi anasema mchanga umechafuka, anautupa na kuweka mweupe mpya, na tatizo linaanza upya. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na mara moja aliyetoa amri ya kuutupa nilikuwa mimi.

Chujio la namna hiyo linahitaji kuoshwa kwa kusukuma maji kinyume kila baada ya siku chache, na pH isiwe chini ya 7. Kama mfuko hauruhusu, usione haya. Weka mashine ndogo ya osmosisi kinyume, ile inayosukuma maji kupita utando mwembamba na mafundi wanaiita RO, kwenye bomba moja la jikoni kwa maji ya kunywa na kupikia. Inaondoa manganisi vizuri, ingawa inamwaga maji mengi na inahitaji presha. Au ongeza tangi la maji ya mvua na mfereji mzuri wa bati, umalize tatizo la chupa na la shuka kwa mkupuo. Kwa hali yako mimi ningeanza na mvua. Kuhusu kuchimba zaidi kwenda chini, sikushauri. Unalipia kila mita, na hakuna anayeweza kukuahidi maji yatakayopatikana huko.

Kitu kimoja nikukataze: pamanganeti. Mtu anaweza kukwambia utie fuwele mbili tatu kisimani ziue vijidudu. Hiyo nayo ni manganisi, utakuwa unaongeza kwenye kile unachotaka kupunguza.

Watu wazima wa nyumba sasa. Lita mbili za maji hayo zinakupa miligramu 1.24, kiasi ambacho mtu anayekunywa vikombe kadhaa vya chai anakipata bila kuulizwa na mtu. Wataalamu wa lishe wa Marekani wanaweka ukomo wa mtu mzima kwenye miligramu 11 kwa siku. Sisemi maji yako ni mazuri, yana ladha ya chuma na hayapaswi kubaki hivyo miaka. Nasema mume wako na kijana wake hawataanza kutetemeka kwa kunywa maji ya kisima. Kuoga, kufua na kumwagilia mchicha hakuna shida, ngozi haiipitishi.

Lakini umenitajia karakana kama vile ni jambo la pembeni, na mimi karakana ndiyo inayonisumbua.

Niliuliza juu kwamba imeingilia wapi. Manganisi ikipita tumboni inakutana na ini, na ini ni askari mzuri. Ikiingia kwa pua, ikiwa moshi wa chembe ndogo kupindukia, inapita mapafuni ikaingia kwenye damu bila kupitia lango hilo, na ubongo unaipata kabla ini halijapiga simu. Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow, Uskoti, alieleza habari za wafanyakazi waliokuwa wakisaga mawe ya manganisi kiwandani: miguu ilikosa nguvu, wakitembea walielekea mbele kama watakaoanguka, sauti zikafifia, nyuso zikakosa mwendo. Huo ndio ugonjwa ambao shemeji yako ameusikia. Unafanana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, lakini huu ni ugonjwa wa vumbi na moshi wa kazini.

Inafikaje kwenye geti? Karibu manganisi yote inayochimbwa duniani, sehemu tisa kati ya kumi, inaishia kwenye utengenezaji wa chuma. Peke yake haifai kitu, ni ngumu lakini ukiigonga nyundo inavunjika kama kigae. Ndani ya chuma inafanya miujiza. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma kwa wingi, na wengine walipoijaribu chuma kilipasuka kikifuliwa, kwa sababu ya oksijeni na salfa zilizobaki ndani. Mwingereza mwenzake, Robert Mushet, aliponya tatizo kwa kutia manganisi: inanyang'anya oksijeni, inaifunga salfa isikidhoofishe chuma. Mwaka 1882 Robert Hadfield akaenda mbali, akatia asilimia 12 na zaidi, akapata chuma kinachozidi kuwa kigumu kadiri kinavyogongwa. Ndicho kinachotumika kwenye makutano ya reli na meno ya mashine za kusagia mawe. Kule Kisenge, magharibi mwa Katanga, ndugu zetu wa Kongo waliichimba manganisi hii na kuisafirisha kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Bomba la mraba la mume wako nalo lina kiasi kidogo cha manganisi, chini ya asilimia moja, na vijiti vya kuchomelea vina yake. Kwenye joto la cheche, manganisi inageuka mvuke kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo moshi unaopanda unakuwa na sehemu kubwa ya manganisi kuliko ile iliyomo kwenye bomba.

Mwambie hivi, kwa lugha yenu ya nyumbani. Maziwa hayasaidii. Najua kila karakana kuna pakiti ya maziwa baada ya kazi, "yanakata moshi". Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, hawakutani popote. Anywe kwa kuwa ni chakula. Kinachosaidia ni kuchomelea nje au penye upepo unaopita, asimame upepo ukimtoka ubavuni na kichwa kisiwe juu ya moshi, asifanye kazi ndani ya tangi au kontena bila feni ya kuvuta, na avae barakoa yenye chujio la chembe ndogo inayobana usoni. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii moshi wa namna hiyo. Ngao ya kioo inalinda macho na uso, si mapafu. Mwaka 2013 wataalamu wa usafi wa viwandani wa Marekani walishusha kiwango wanachopendekeza hadi miligramu 0.02 za manganisi ya chembe laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na karakana iliyofungwa pande tatu inaweza kukivuka bila jasho. Tena, asimpakate mtoto akiwa na nguo za kazi, na kama dirisha la chumba chake linatazama karakana, lifungwe saa za kazi au kazi isogezwe.

Nikikumbuka, sisi tulipokuwa shule ya msingi tulikuwa tunaagizwa betri kuukuu kila muhula. Tunazipasua kwa jiwe, tunatoa ule unga mweusi, tunautwanga na majani, tunapaka ubao mpaka unang'aa. Ule unga ni oksidi ya manganisi na makaa. Tulikuwa tunapuliza vumbi kwa vinywa vyetu, mikono myeusi hadi viwiko, na hakuna aliyetuambia neno. Mara chache kwa mwaka si sawa na miaka ishirini ya kuchomelea, lakini leo nikiona mtoto anapasua betri namnyang'anya.

Wapi uende mwenyewe, bila kungoja jibu jingine? Kama mtoto ana macho ya manjano au choo chake ni cheupe kama majivu, mpeleke hospitali leo hii. Nyongo isiyopita ni hatari yenyewe, na kwa mtoto wa hivyo manganisi haina pa kutokea. Asipoongezeka uzito au akiwa mlegevu, kliniki, usisubiri tarehe. Kwa mume wako na kijana wake, dalili za kuangalia ni mwendo uliobadilika, kujikwaa akirudi nyuma, maandishi yaliyokuwa madogo, sauti ya kunong'ona, uso usiocheka, hasira au usingizi usioeleweka. Ikitokea, aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, na jambo la kwanza aseme ni kazi yake na miaka aliyoifanya. Daktari asipojua hilo atampa dawa ya Parkinson, ambayo kwa ugonjwa huu mara nyingi haisaidii sana. Kipimo cha damu kinaonyesha ya siku za karibuni tu. Picha ya MRI inaonyesha zaidi. Na kama yeyote ana upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, utibiwe, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma unavuta manganisi zaidi.

Kisima usikifunge. Osha tangi, tope ulimwage shimoni likiwa bichi, lisikauke likawa vumbi la kufagia. Nikipata cheti cha pili chenye chuma na pH, nitakwambia chujio gani linakufaa na lipi ni la kumrudishia fundi.